Hajaruka Hata Kimoja

Pombe ya mtama ikikaribia kuiva huzungumza. Mama Matlaleng alikuwa akiinama, anaweka sikio la kulia juu ya pipa, anafumba macho, na sisi tuliokaa uani tunanyamaza kama watu walio kanisani. Kisha anainuka polepole. "Bado," anasema. Au anasema, "Inaita watu." Siku akisema inaita watu, mwanawe Pheello hupandisha kitambaa cheupe mlingotini, na kabla jua halijageuka wanaume wa kijiji chetu cha Ha Sekantši na wa ng'ambo ya mto huwa wameshafunga farasi wao kwenye ukuta wa mawe.

Mimi ni Mamokhele, jirani yake. Kati ya mlango wangu na wake ni hatua arobaini, na nimezikanyaga asubuhi, mchana na jioni. Huu ni mwaka wa ishirini na moja nikiwa mhudumu wa afya wa kijiji. Kazi yangu kubwa ni kukaa mbele ya mtu na kumtazama mpaka ameze. Wenye kifua kikuu nimewatazama, wenye virusi nimewatazama, na kila anayemeza namwekea alama katika daftari lenye jalada la buluu. Mwanangu Mokhele alikuwa wa kwanza katika daftari hilo. Homa ilipompanda alisema vidonge vinamchoma, akavificha chini ya godoro siku kumi na mbili. Tulimzika kabla ya mavuno. Tangu hapo kijijini wananiita Mama Meza, na sijawahi kukasirika.

Mama Matlaleng ninamjua tangu tulipokuwa wake wageni hapa, waume zetu wako migodini Afrika Kusini. Mume wake hakurudi, wangu alirudi na kikohozi. Yeye alimlea Tlaleng, binti yake, kwa mtama, na miaka mingi baadaye, kwa mwanamume ambaye hakumtaja na mimi sikumuuliza, akamzaa Pheello. Yote hayo aliyafanya akiwa na mgongo ulioumia ndani bila mtu kujua.

Ilikuwa majira ya baridi, miaka ishirini na sita nyuma. Alikuwa akivuka mto juu ya farasi mwekundu, magunia mawili ya kimea nyuma yake. Ukingoni palikuwa na barafu. Farasi aliteleza, naye akaangukia jiwe kwa uti wa mgongo, shingo ikapinda. Nilikuwa ng'ambo nikifua. Nilimwona amelala, kisha nikamwona anainuka, anatikisa kichwa, anakusanya magunia. Gunia moja lilikuwa limepasuka mshono. Alivua kilemba chake kichwani akaliziba, kisha akaja kwa miguu akimvuta farasi. "Kimea hakijamwagika," aliniambia, midomo ikiwa ya buluu. Wiki hiyo hiyo alipandisha bendera.

Mwili ulisahau. Au ndivyo tulivyodhani.

Kitu cha kwanza kumtoka kilikuwa harufu. Siku moja nilipanda kwake nikakuta uji unaungua, moshi umejaa nyumba, naye ameketi kando ya sufuria anachambua maharage kwa utulivu. Nilipiga kelele. Alinishangaa. Halafu miguu. Akawa anatembea akiitupa mbali mbali, kama mtu aliye ndani ya boti, na akigeuka ghafla anashika ukuta. Kwa mpika pombe, hiyo ni aibu ya pekee. Hajawahi kunywa, huonja kwa ncha ya ulimi na kutema.

"Mama Matlaleng," alisema Baba Tlhoriso, mchunga kondoo mwenye meno mawili na maneno elfu, "leo umeonja pipa zima?"

"Ningekuwa ninakunywa mimi, baba, wewe ungekuta nini cha kunywa?"

"Ningekuta povu. Povu lingenitosha kwa huzuni niliyo nayo."

Watu walicheka, naye akacheka. Lakini nilimwona akienda nyuma ya nyumba, akijaribu kusimama kwa mguu mmoja bila kushika kitu. Alijaribu mara tatu.

Kisha sikio la kushoto likafa. Sista Kefuoe, muuguzi wa kliniki ya ng'ambo, alimtazama akitembea kutoka mlangoni hadi kitini akasema hilo si jambo la kliniki. Tulikwenda Maseru, na Maseru wakatuvusha mpaka wa nchi hadi Bloemfontein kwenye mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya kichwa. Picha ziliporudi, daktari wa mishipa ya fahamu, dada kijana mwenye vidole vyembamba, alizibandika kwenye mwanga. Ubongo ulikuwa wa kijivu. Pembeni mwake, na kushuka hadi kwenye uti wa mgongo, kulikuwa na mstari mweusi kuzunguka kote, mfano wa masizi kwenye ukingo wa chungu.

"Hiki ni chuma," alisema daktari.

Mama Matlaleng aligeuza sikio lake zima. "Nani aliyekiweka?"

"Damu yako mwenyewe. Uliwahi kuanguka?"

Akaeleza taratibu. Kuna utando unaozunguka uti wa mgongo, na ndani yake kuna maji yanayoogesha ubongo. Siku ile mtoni utando ulichanika kidogo, na tangu siku ile damu inavuja humo tone kwa tone. Ndani ya damu mna madini ya chuma. Damu huoza ikaisha, chuma hakiozi. Kinabaki, kinagandamana juu ya mishipa kama kutu, na mishipa ya kusikia na ile ya kunusa ndiyo inayokufa mapema, pamoja na sehemu ya ubongo inayomsimamisha mtu wima.

"Basi tafuteni hilo tundu mlishone."

"Tumelitafuta, mama. Hatulioni."

Nakumbuka bomba lilikuwa likidondosha maji kwenye sinki, nami nilitamani mtu alifunge.

Daktari alisema ipo dawa inayoweza kuingia hadi kwenye ubongo, ikashika chuma na kukitoa kwa mkojo. Haitarudisha kilichokwenda. Huenda ikalinda kilichobaki. Kilichobaki kilikuwa sikio moja. "Lakini dawa hii ina tabia yake mbaya," alisema, na akanitazama mimi kwa sababu niliandikishwa kuwa msimamizi. "Mara chache huziua chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na vijidudu. Kwa hiyo damu ipimwe kila Jumatatu. Na akipata homa, au koo likimuuma, au vidonda mdomoni, aache dawa saa hiyo hiyo na aende kliniki siku hiyo hiyo. Asingoje. Hebu rudia, mama."

Nikarudia neno kwa neno, kama mtoto wa shule. Akaliandika kwenye kadi ya manjano. Tulipofika nyumbani niliitundika kwake, kwenye msumari juu ya rafu ya sahani. Ningeweza kuisoma nimefumba macho. Nayaandika haya ili mtu asije akasema kwamba sikuambiwa.

Kijijini habari ilipofika ilikuwa imeshageuka. Wanawake watatu waliacha kupikia vyungu vya chuma vya miguu mitatu kwa wiki nzima. Baba Tlhoriso alisema sasa anaelewa kwa nini mama yule huinama upande mmoja. "Leteni sumaku tumvute arudi wima," alisema. Mama Matlaleng hakusikia, ikabidi nimrudie kwenye sikio la kulia, akacheka mpaka akashika tumbo. Mkojo ulipobadilika rangi ukawa mwekundu kama chai iliyokolea, aliniita nione. "Tazama," alisema. "Msumari mmoja huo umetoka." Tulifurahi kweli.

Mwezi ule ule Pheello aliingia jandoni. Kwetu vijana hupotea milimani miezi kadhaa, na mama hana la kuuliza. Hajui kibanda kiko bonde gani. Wanaume hupeleka chakula, na wanaporudi hawasimulii. Siku kijana anayotoka, amepakwa udongo mwekundu na mafuta, husimama mbele ya kijiji kizima na kutoa majigambo yake, maneno aliyojitungia mwenyewe huko alikokuwa. Hayasemwi mara mbili. Akimaliza, hushusha fimbo, na sauti ya kwanza inayomjibu ni kigelegele cha mama yake. Hapo ndipo anakuwa mtu mzima.

Asubuhi ya kuondoka, Pheello alisimama karibu na sikio la mama yake. Nilikuwa nimeshika daftari langu, nasubiri mama ameze.

"Mama, utanisikia?"

"Nenda. Nitakusikia."

"Nikichelewa?"

"Wewe usichelewe, na mimi sitachelewa."

Kwa hiyo mtu akiniuliza zile dawa zilikuwa za nini, siwezi kusema zilikuwa za chuma. Zilikuwa za siku ile moja.

Alimeza mara tatu kwa siku, miezi minne. Kila Jumatatu tulivuka mto juu ya nyumbu wangu wa mizigo, Sista Kefuoe akatoa damu, na kijana wa pikipiki akaibeba hadi hospitali ya wilaya. Kila Alhamisi jibu lilikuja: chembe ni nyingi, endelea. Nami niliweka alama zangu. Sikio la kulia lilikuwa likipungua hata hivyo, lakini polepole, kama mtu anayeondoka huku akigeuka nyuma kutazama.

Mwanzoni mwa Juni theluji ilianguka mapema. Jumatatu hiyo tulipita kwa shida na damu ikatolewa, lakini pikipiki haikuweza kupanda. Kichupa kikabaki kliniki, ndani ya boksi la baridi ambalo siku ile halikuhitaji barafu. Habari nyingine ikashuka kutoka milimani kupitia kwa wanaume: Jumamosi vijana wanatoka.

Alhamisi asubuhi nilimkuta ameketi karibu na moto, mablanketi mawili juu yake, meno yakigongana. Nikamshika paji la uso.

"Una homa, dada."

"Nini?"

Nikainama kwenye sikio. "Una homa!"

"Ni baridi tu."

"Baridi haiunguzi mkono wa mtu mwingine. Koo je?"

Alivuta blanketi hadi kidevuni. Kisha akasema, "Linakwaruza kidogo."

Sote wawili tuliitazama ile kadi ya manjano pale msumarini. Ilikuwa na madoa ya mafuta kwenye kona. Nakumbuka hata nzi aliyekuwa juu yake.

"Nikiacha leo," alisema kwa ile sauti kubwa ya watu wasiojisikia wanaposema, "chuma kitarudi mbio. Jumamosi nitasikia nini? Na nikivuka kwenda kliniki watanipeleka wilayani, nitalala huko, na mwanangu atashusha fimbo pasiwe na mtu. Siku mbili, Mamokhele. Jumapili nibebe unipeleke popote."

Hakuhitaji kunibembeleza. Alikuwa akiifikiria Jumamosi. Mimi nilikuwa nikimfikiria Mokhele. Nilikuwa nikiona godoro, na vidonge vya siku kumi na mbili chini yake. Kwa miaka ishirini na moja nimewaambia watu wenye homa, wenye kutapika, wenye kulia: usiruke hata kimoja, kuruka ndiko kunakoua. Makaburi ya walioacha nayajua kwa majina. Ya walioendelea nilikuwa sijayaona. Nikajiambia kwamba daktari yule bado ni mtoto, anaandika kadi mezani, hajamzika mtu. Homa ikija ndipo dawa inahitajika zaidi. Hivyo ndivyo nilivyowaza, na niliwaza nikiwa na akili zangu timamu.

"Meza," nikamwambia.

Akameza kwa uji mwepesi, akikunja uso. Nikaweka alama.

Ijumaa mdomo wake ulikuwa na vidonda vyeupe, na ulimi umevimba. Kidonge hakikupita. Nikakisaga kati ya vijiko viwili, nikakichanganya na boga lililopondwa, nikamlisha kidogo kidogo kama mtoto anayeachishwa ziwa. Kilichukua muda mrefu. Machozi yalimtoka bila kilio. Alipomaliza nilimfuta midomo, nikajisikia nimefanya kazi yangu vizuri kuliko siku yoyote.

Pombe ya sherehe ilikuwa pembeni, mapipa mawili, siku ya mwisho ya kuiva. Akataka kuinuka. Nikamshika kiunoni, akainama, akaweka sikio lake la kulia juu ya kifuniko. Alikaa hapo muda.

"Haisemi kitu," alisema.

Nikaweka sikio langu. Ndani ya pipa mlikuwa mnanguruma kama mvua juu ya bati.

Nikamtazama usoni na kusema, "Inaita watu." Nilipandisha kitambaa cheupe mimi mwenyewe. Hakikupepea, hapakuwa na upepo hata kidogo siku ile.

Jumamosi watu walijaa uwanjani chini ya kijiji. Theluji ilikuwa imebaki kwenye vivuli vya kuta tu. Tulimketisha Mama Matlaleng mbele kabisa, juu ya ngozi ya kondoo, katika blanketi lake zuri lenye michoro ya mahindi. Mashavu yalikuwa mekundu hata mtu akamsifu: "Leo umekuwa msichana, mama!" Mimi niliketi kuliani kwake. Tulikubaliana: Pheello akianza, nitamfinya mkono.

Wimbo wao ulitutangulia kutoka mgongo wa mlima, mzito, wenye maneno tusiyoruhusiwa kuyajua sisi wanawake. Kisha wakatokea, kumi na mmoja, wekundu kuanzia nywele hadi nyayo, macho chini. Mmoja mmoja alisimama. Mmoja mmoja mama yake akamjibu. Mama Matlaleng aliangalia midomo, akaangalia fimbo, akageuka kuniangalia mimi, akarudi kwenye midomo. Mkono wake ulikuwa moto kama jiwe lililotolewa mekoni.

Pheello alikuwa wa nne. Alikuwa amekonda na kurefuka. Nikafinya. Akainua fimbo juu ya kichwa, na akaanza kwa sauti kubwa mno, sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya bonde, hata wazee wakatazamana. Mimi nilielewa kwa nini anapiga kelele.

Mimi ni Mkinga-Kivuko, mtoto wa bendera nyeupe,
niliyenyonya ziwa lenye baridi ya mto.
Barafu ilivunjika, mto ukafungua kinywa,
farasi aliteleza—

Hapo alivuta pumzi. Fimbo ilitikisika kidogo.

Na Mama Matlaleng akapiga kigelegele.

Kilikuwa kimechanika, kimetoka kwenye koo lenye damu, lakini kilikuwa kirefu, na uso wake uling'aa kwa furaha. Alikuwa ameona pumzi akadhani ni mwisho. Mwanamke mmoja nyuma yangu alisema, "Nani huyo anayemkata kijana?" na mwingine akasema, "Mungu wangu, ni mama yake." Kumkata kijana katikati ya majigambo ni kumfungia njia, sijaona likitokea kabla ya siku ile. Baba Tlhoriso, ambaye hakosi neno, alikuwa akitazama viatu vyake.

Pheello alisimama na fimbo juu, mdomo wazi. Kisha akamalizia mistari iliyobaki kwa sauti ndogo, sauti ya mtoto, na akashusha fimbo. Hakuna aliyemjibu. Ilinipasa nipige mimi. Sikupiga.

Mama Matlaleng alinigeukia. "Amesema vizuri," alisema kwa sauti ya kusikika kote. "Sivyo?"

Nikaitikia kwa kichwa. Ndipo akaniangukia begani, na joto lake lilipita mablanketi yote mawili, lake na langu.

Wanaume wanne walimvusha mto kwa blanketi lililoshikwa pembe nne. Sista Kefuoe alifungua mlango akiwa amevaa sweta juu ya sare. Akaweka kipima joto, akakitazama, akakiweka tena. Akammulika mdomoni kwa tochi.

"Homa imeanza lini?"

"Alhamisi."

"Na vile vidonge vya chuma?"

Nilikuwa na daftari kwapani. Nikalifungua, nikamwonyesha alama zangu: Alhamisi tatu, Ijumaa tatu, na ya asubuhi ile. "Hajaruka hata kimoja, Sista," nikasema. Nilisema kama mtu anayengojea kupongezwa.

Alilitazama daftari. Kisha akaketi, yeye ambaye sijawahi kumwona ameketi mbele ya mgonjwa.

"Mama Mamokhele," alisema. "Ile kadi."

Hapo tu ndipo nilipoisoma. Niliisoma ukutani kwake, kwa mbali, toka ng'ambo ya mto.

Nilianza kulia. Alinishika mkono. "Usilie sasa. Ni sisi tuliokufundisha hivyo," alisema, na tayari alikuwa ameshainuka, anatafuta sindano, anapiga simu kuita gari.

Katika hospitali ya wilaya walipima damu yake. Nilimsikia daktari mmoja akimwuliza mwenzake kama mashine imeharibika, kwa sababu chembe nyeupe karibu hazikuwepo. Wakamweka chumba cha peke yake, mlango umefungwa, kila anayeingia amefunika mdomo na kunawa hadi kwenye viwiko. Vijidudu vya mdomoni mwake mwenyewe vilitosha kumuua. Walimpa dawa za sindano mchana kutwa. Daktari wa Maseru alisema kwa simu: vidonge vile visiguswe tena maishani mwake, hata kimoja, hata akipona. Mimi nilikaa nje kwenye benchi, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Daftari nililiacha kliniki.

Siku ya nne Pheello alikuja. Alikuwa amefunikwa blanketi hadi kichwani, mwekundu, ananuka mafuta na moshi, na mjomba wake Lesala mbele yake, kwa sababu katika siku zile kijana hasemi na wanawake. Walikuwa wametembea tangu alfajiri.

Muuguzi wa wodi aliwazuia mlangoni. "Na huo udongo? Na hayo mafuta? Haiwezekani. Aoge kwanza."

"Hawezi kuoga mpaka Jumapili," alisema mjomba. "Siku zake hazijatimia."

"Basi aje Jumapili."

"Dada yangu," alisema mjomba taratibu, "Jumapili tutamkuta?"

Muuguzi aliuvuta mlango ukafunga nyuma yake.

Jengo lile ni la chini, na madirisha yake yanatazama uwanja wa kuanikia shuka. Muuguzi akasema, bila kumtazama mtu, kwamba dirisha la tatu halifunguki lakini lina kioo safi. Tukazunguka. Mimi nilisimama mbali, kama inavyopasa.

Alikuwa ameegemezwa mito, mdogo kuliko nilivyomwacha, mrija mkononi. Alituona. Pheello akavua blanketi kichwani, akainua fimbo kati ya shuka nyeupe zilizoanikwa, na akaanza upya, jambo ambalo halifanywi. Mjomba aligeuka akatazama ukuta, ili aweze kusema hakuona.

Sauti yake iligonga kioo na kurudi kwetu. Ndani, nina hakika, halikuingia hata neno.

Barafu ilivunjika, mto ukafungua kinywa,
farasi aliteleza,

akavuta pumzi, na mimi nikafumba macho. Nilipofumbua, Mama Matlaleng alikuwa hajatikisika. Hakuangalia midomo safari hii. Aliangalia fimbo tu.

mama hakuteleza.
Gunia lilipasuka, kimea hakikumwagika.
Mniulize nimetoka wapi: nimetoka kwenye mshono huo.

Fimbo ikashuka. Nyuma ya kioo mama alitupa kichwa nyuma, akafungua mdomo wake wenye vidonda, nasi tukauona ulimi wake ukicheza, ukicheza, bila sauti yoyote kutufikia.

Hakufa. Chembe zilirudi moja moja, na mwisho wa Juni tulimleta nyumbani. Lakini dawa hana, na tundu halijaonekana, na lile tone linaanguka huko ndani lilikokuwa likianguka, leo, wakati huu ninaposema. Majani ya pichi yalipochipua sikio la kulia lilifunga. Sasa anatembea akimshika Pheello mkono, na akisimama bila kushikwa huelemea kushoto, kila mwezi zaidi kidogo. Kuna asubuhi ambazo kijiko kinamponyoka.

Pombe bado anapika. Bado ninapanda hatua zangu arobaini, ingawa siku hizi sibebi kitu. Mimi ndiye ninayenusa, mimi ndiye ninayeinama juu ya pipa, naye huketi kwenye kigoda chake akinitazama usoni bila kupepesa macho. Ninasikiliza kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Kisha ninainuka, na kwa midomo tu namwambia: Bado.